Je, majirani wa Kampala wanaweza kuponya mgawanyiko wa kisiasa kwa kukaa na kusikilizana?

Katika mitaa mingi ya Kampala, mwenye bango la njano la chama tawala cha NRM na mwenye fulana nyekundu ya chama cha upinzani cha NUP hutenganishwa na ukuta mmoja tu wa matofali. Huteka maji kwenye bomba moja, hupanda bodaboda za kituo kimoja, na msiba ukitokea huchangia mfuko mmoja. Lakini msimu wa uchaguzi unapowadia, wengi wao huacha kuzungumza siasa, isipokuwa na wale wanaokubaliana nao.

Je, kukaa uso kwa uso na kusikilizana kunaweza kuziba ufa huo? Historia ya jiji hilo inatoa jibu lenye pande mbili. Meza ya pamoja hufanya kazi, na Kampala imekuwa na meza za namna hiyo kwa miaka mingi. Hata hivyo, meza hiyo haisimami ikiwa anayezungumza anahofia kitakachomkuta akishatoka mlangoni.

Ufa wenyewe ukoje?

Tarehe 18 Novemba 2020, mgombea urais wa NUP, Robert Kyagulanyi, mwanamuziki anayejulikana zaidi kwa jina la Bobi Wine, alikamatwa akiwa katika kampeni wilayani Luuka, mashariki mwa Uganda. Maandamano yalizuka Kampala na katika miji mingine, na vikosi vya usalama vilitumia risasi za moto. Rais Yoweri Museveni mwenyewe alitaja idadi ya waliokufa kuwa 54.

Wapiga kura walikwenda vituoni tarehe 14 Januari 2021, siku moja baada ya intaneti kuzimwa nchi nzima. Tume ya Uchaguzi ilimtangaza Museveni kuwa mshindi kwa zaidi ya asilimia 58 ya kura, huku Kyagulanyi akipata takriban asilimia 35. Upinzani ulidai kura ziliibwa, na serikali ikakanusha. Jijini Kampala, Kyagulanyi alishinda kwa tofauti kubwa, hivyo jiji likajikuta likiishi na matokeo ambayo wakazi wake wengi hawakuyapigia kura.

Mvutano huo haukuisha. Machi 2025, uchaguzi mdogo wa ubunge katika jimbo la Kawempe Kaskazini uligubikwa na vipigo, na miongoni mwa walioumizwa walikuwamo waandishi wa habari waliofika kuripoti.

Nyuma ya rangi za vyama kuna tofauti ya kumbukumbu. Raia wengi wa Uganda wamezaliwa baada ya Museveni kuingia madarakani mwaka 1986. Mzee aliyeshuhudia vizuizi vya barabarani vya enzi za Idi Amin na Milton Obote, au vita vya Luwero vya mwanzoni mwa miaka ya 1980, anapotaja neno usalama huwa anamaanisha kwamba hali ile isirudi tena. Kijana aliyekuwa barabarani Novemba 2020 anapotaja neno hilohilo huwa anamaanisha askari asimpige risasi. Wote wawili wanasema kweli, na kila mmoja humwona mwenzake kuwa hana fahamu, kwa sababu hajawahi kusikia habari iliyo nyuma ya neno lake.

Utafiti unasema nini kuhusu kukutana

Mwaka 1954, mwanasaikolojia wa Marekani Gordon Allport alieleza kwamba makundi yanayodharauliana hupunguza chuki yanapokutana, lakini si kila mkutano huleta tija. Alitaja masharti manne: wanaokutana wawe na hadhi sawa pale walipo, wawe na lengo moja, washirikiane kulitimiza, na mamlaka au sheria iunge mkono kukutana kwao. Mwaka 2006, watafiti Thomas Pettigrew na Linda Tropp walikusanya matokeo ya tafiti zaidi ya 500 na kuona kwamba, kwa ujumla, kukutana hupunguza chuki, na masharti hayo yakitimia matokeo huwa mazuri zaidi.

Namna ya kuzungumza nayo ina uzito. Utafiti wa David Broockman na Joshua Kalla, uliochapishwa mwaka 2016, ulifanyika mjini Miami, ambako watu walitembelewa majumbani kwa mazungumzo ya takriban dakika 10 kuhusu haki za watu waliobadili jinsia, jambo lililokuwa na ubishi mkali. Wageni hawakwenda kuhubiri. Waliuliza maswali, wakamwomba mwenyeji asimulie wakati yeye mwenyewe alipowahi kuonewa kwa kuonekana tofauti. Miezi mitatu baadaye, mabadiliko ya mtazamo yalikuwa bado yanaonekana.

Masharti ya Allport yanasaidia kupima meza tatu ambazo wakazi wa Kampala wamezizoea.

Meza ya kwanza: ekimeeza

Neno ekimeeza ni la Kiganda na maana yake ni meza kubwa. Msomaji wa Kiswahili atalitambua mara moja, kwani shina lake ni meza, neno ambalo Kiswahili nacho kililipokea kutoka Kireno.

Mwaka 2000, mjadala wa siasa uliofanyika katika ukumbi wa burudani wa Club Obbligato jijini Kampala ulianza kurushwa moja kwa moja na kituo cha Radio One kila Jumamosi alasiri. Vituo vingine vikaiga, kikiwemo CBS, redio ya ufalme wa Buganda, ambayo mjadala wake uliendeshwa kwa Kiganda. Waliotaka kusema waliandikisha majina, mwenyekiti akawapa dakika zao, na wasikilizaji majumbani wakafuatilia.

Wakati ule vyama vya siasa vilikuwa vimebanwa chini ya mfumo wa Movement, ambao haukuruhusu ushindani wa vyama. Mfumo wa vyama vingi ulirejeshwa kwa kura ya maoni ya Julai 2005. Kwa hiyo, kwa miaka kadhaa, meza hiyo ilifanya kazi ambayo mkutano wa hadhara haukuweza kuifanya: mfuasi wa serikali na mpinzani wake walikaa chini ya paa moja, wakajibizana kwa majina yao, kisha wakaendelea na vinywaji vyao.

Meza hiyo ilikuwa na kasoro. Mjadala wa Club Obbligato ulikuwa wa Kiingereza, jambo lililowaacha nje wengi wasiokimudu. Waliosimama kusema walikuwa zaidi wanaume. Tena, mzungumzaji alikwenda kushinda hoja na kupigiwa makofi. Hakwenda kumwelewa mwenzake. Hata hivyo, aliyeketi pale kila juma alilazimika kuzisikia hoja za upande wa pili kutoka kinywani mwa mwenye hoja, badala ya kuzipata kwa mtu anayezikejeli.

Mwisho wake ulikuwa wa ghafla. Septemba 2009, serikali ilipomzuia Kabaka wa Buganda, Ronald Muwenda Mutebi, kuzuru Kayunga, ghasia zilizuka Kampala na maeneo jirani. Kwa mujibu wa shirika la Human Rights Watch, watu wasiopungua 40 waliuawa. Vituo kadhaa vya redio vilifungwa, kikiwemo CBS kilichobaki kimya hadi Oktoba 2010, na bimeeza, kama zinavyoitwa kwa wingi, zikapigwa marufuku. Serikali ilivilaumu vituo hivyo kwa uchochezi. Kwa kipimo cha Allport, kilichokosekana ni sharti la nne: wasemaji na wasikilizaji walikuwepo, ila mamlaka haikuilinda meza.

Meza ya pili: munno mukabi

Ipo meza nyingine ambayo haikupigwa marufuku, kwa kuwa haihesabiwi kuwa ya siasa. Munno mukabi, yaani rafiki wa wakati wa shida, ni vikundi vya majirani wanaosaidiana hasa katika misiba. Kila kaya huandikishwa na kutoa mchango. Kikundi huwa na daftari, na mara nyingi pia mahema, viti na masufuria makubwa ya pamoja. Mtu akifariki, wanaume hushika majembe ya kuchimba kaburi, wanawake hupika, na asiyefika bila sababu huweza kutozwa faini. Usiku, watu hukesha nyumbani kwa wafiwa wakiota moto, desturi ambayo Waganda huiita okukuma olumbe.

Hapa masharti matatu ya Allport yanatimia bila mtu kuyasoma kitabuni. Mwenye gari na mwenye mkokoteni hutajwa katika daftari lilelile, lengo ni moja, na kazi hufanywa kwa mikono ya wote. Daftari haliandiki chama cha mtu. Anayemsusia jirani leo anajua kwamba kesho jeneza linaweza kutoka nyumbani kwake.

Hata hivyo, amani ya msibani mara nyingi ni amani ya kunyamaza. Watu hukaa pamoja kwa sababu wamekubaliana kutoligusa jambo linalowatenganisha, na kunyamaziana si kusikilizana. Isitoshe, wanasiasa wanaijua nguvu ya mikusanyiko hiyo. Hufika na bahasha za mabugo, rambirambi ambazo zamani zilikuwa vitambaa vya gome la mti na sasa ni fedha, kisha huomba kipaza sauti. Dakika chache za hotuba zinaweza kugeuza matanga kuwa kampeni na kuwakumbusha waliokuwa wakichimba kaburi pamoja kwamba wao ni wa kambi mbili.

Thamani kubwa ya munno mukabi ni kwamba inajenga kitu ambacho mazungumzo hayawezi kukiumba peke yake, nacho ni imani kwamba mtu huyu, hata tukitofautiana, hatanitupa. Juu ya msingi huo maneno magumu yanaweza kusemwa baadaye.

Meza ya tatu: kwa ssentebe

Ngazi ya chini kabisa ya serikali za mitaa nchini Uganda ni baraza la kijiji, LC1, ambalo mjini Kampala eneo lake mara nyingi huitwa zoni. Baada ya Idi Amin kuangushwa mwaka 1979, Uganda iliwahi kuwa na mfumo wa mayumba kumi, unaofanana na mabalozi wa nyumba kumi wa Tanzania. Mabaraza ya sasa yanatokana na yale yaliyoundwa na waasi wa NRA wakati wa vita vya msituni, yakaenezwa nchi nzima baada ya 1986.

Kamati ya LC1 ina wajumbe 10 chini ya mwenyekiti, ssentebe kwa Kiganda. Yeye ndiye anayeandika barua ya utambulisho yenye mhuri, inayohitajika mtu anapotafuta kitambulisho, anaponunua kiwanja au anapomdhamini ndugu yake. Kwa sheria ya mwaka 2006, baraza hilo pia ni mahakama ya migogoro midogo, kama vile ya madeni. Kwa maneno mengine, sheria inamtaka raia aende kwa jirani yake, aeleze lalamiko lake, kisha akae amsikilize anayemlalamikia.

Tatizo ni namna baraza hilo linavyopatikana. Julai 2018, Uganda ilifanya uchaguzi wa LC1 kwa mara ya kwanza tangu 2001, na wapiga kura walijipanga foleni hadharani nyuma ya wagombea wao. Njia hiyo ni nafuu na haraka kuhesabu, lakini humwonyesha kila jirani mwenzake yuko upande gani. Aliyejipanga nyuma ya aliyeshindwa atarudi kwa mshindi kesho kuomba barua. Katika hali hiyo hadhi sawa, sharti la kwanza la Allport, huyumba. Ssentebe akishukiwa kuwa ni jicho la chama fulani, wanaokwenda kwake huchagua maneno, na kikao hupoteza maana.

Somo kutoka Zanzibar

Wasomaji wa pwani wanalijua jambo hili kwa uchungu wao wenyewe. Baada ya uchaguzi wa mwaka 1995, uhasama kati ya wafuasi wa CCM na wa CUF visiwani Zanzibar, hasa Pemba, uliingia hadi majumbani. Watu walisusiana madukani, kwenye gari za abiria, harusini na hata mazikoni. Januari 2001, vikosi vya usalama viliua waandamanaji wengi.

Tarehe 5 Novemba 2009, Rais Amani Abeid Karume na kiongozi wa CUF, Maalim Seif Sharif Hamad, walikutana Ikulu ya Zanzibar. Kilichofuata kiliitwa Maridhiano. Julai 2010, Wazanzibari waliridhia kwa asilimia 66.4 kuundwa kwa Serikali ya Umoja wa Kitaifa, na uchaguzi wa mwaka huo ulipita kwa utulivu usiozoeleka.

Lakini Oktoba 2015, mwenyekiti wa tume ya uchaguzi alifuta matokeo ya uchaguzi wa Zanzibar, CUF ikasusia uchaguzi wa marudio wa Machi 2016, na mengi yaliyojengwa yakayumba. Viongozi walipoketi pamoja, mtaa nao ulipumua. Imani ya kura ilipovunjika, mazungumzo yalipoteza mhimili wake.

Mazungumzo yasipoambatana na haki

Hili ndilo onyo kubwa kwa wanaopendekeza mazungumzo ya majirani kama dawa ya kila kitu. Watafiti waliofuatilia vikao vya maridhiano katika vijiji 200 vya Sierra Leone, nchi iliyotoka vitani mwaka 2002, walichapisha matokeo yao mwaka 2016. Vikao hivyo viliongeza msamaha na ushirikiano wa kijamii. Wakati huohuo, viliwaongezea waliohudhuria huzuni na msongo wa mawazo, kwa sababu vidonda vilifunguliwa bila matunzo ya kutosha.

Utafiti mwingine, wa Salma Mousa, uliochapishwa mwaka 2020, uliangalia timu za soka nchini Iraq zilizochanganya Wakristo waliofurushwa na kundi la Islamic State na wachezaji Waislamu. Wachezaji waliochanganywa walijenga urafiki na wenzao wa uwanjani, lakini imani hiyo haikuvuka kwa urahisi kuwafikia Waislamu wasiowajua. Kumpenda jirani mmoja hakumaanishi kuliamini kundi lake zima.

Kampala inafahamu ukweli huo. Familia iliyompoteza mtoto Novemba 2020 haiwezi kuponywa kwa kuambiwa ikae na jirani anayeiunga mkono serikali, kwani jirani huyo si aliyefyatua risasi. Inachohitaji ni kujua nani alifanya nini, na sheria ichukue mkondo wake. Kusikilizana kunaweza kumzuia jirani asigeuzwe kuwa mshtakiwa kwa kosa la mtu mwingine. Hakuwezi kuchukua nafasi ya mahakama.

Katika ngazi ya taifa juhudi zimekuwepo. Desemba 2018, Baraza la Dini Mbalimbali la Uganda na Jukwaa la Wazee walizindua mchakato wa mdahalo wa kitaifa, lakini uchaguzi wa 2021 uliwadia kabla haujazaa maafikiano. Machi 2020, Mahakama ya Katiba ilibatilisha kifungu cha nane cha sheria ya usimamizi wa mikusanyiko ya mwaka 2013, kilichowapa polisi mamlaka ya kuzuia mikutano. Uamuzi kama huo ni sehemu ya kuilinda meza, ingawa karatasi ya mahakama na hali ya barabarani havikwendi sambamba kila mara.

Kikao kinachofaa kikoje?

Uganda ina mfano wake uliofanyiwa utafiti. Mwaka 2014, wilaya za Bududa na Butaleja, katika eneo la Mlima Elgon linalokumbwa na maporomoko ya ardhi na mafuriko, zilifanya mijadala ya wananchi iliyoandaliwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere pamoja na James Fishkin wa Chuo Kikuu cha Stanford. Washiriki walichaguliwa kwa bahati nasibu, walipewa maelezo yenye hoja za pande zote, walijadiliana katika vikundi vidogo kwa lugha zao, na maoni yao yalipimwa kabla na baada. Mada zilikuwa nzito: kuhamishwa kwa watu kutoka maeneo ya hatari, ardhi na ongezeko la watu.

Ukiuunganisha mfano huo na meza tatu za Kampala, unapata mambo machache ambayo mtaa wowote unaweza kuyajaribu. Waalikwa wachanganywe kwa makusudi, wasiwe wale tu wapendao kipaza sauti. Kikao kiendeshwe kwa lugha ambayo mama muuza ndizi anaimudu. Kianze na jambo linalowahusu wote, kama mtaro unaofurika au taka zisizozolewa, kabla ya kufika kwenye siasa za taifa. Kila mtu aeleze yaliyompata yeye badala ya kutangaza sera ya chama chake, na kabla ya kujibu, arudie alichosema mwenzake mpaka mwenzake akubali kwamba ndivyo alivyosema. Na kuwe na ahadi, itakayoheshimiwa hata na ssentebe na polisi, kwamba maneno ya kikao hayatamfuata mtu nyumbani.

Kiganda na Kiswahili zinakutana katika jambo moja. Kutoka okuwulira, kusikia, Kiganda kinaunda okuwuliriza, kama vile Kiswahili kinavyounda kusikiliza kutoka kusikia. Katika lugha zote mbili, kitenzi hurefushwa ili kionyeshe kwamba mtu ameongeza nia juu ya sikio alilozaliwa nalo.

Wakazi wa Kampala wameonyesha kwamba nia hiyo wanayo, kuanzia mijadala ya Jumamosi ya mwaka 2000 hadi mikesha ya misiba inayoendelea hadi leo. Lililobaki nje ya uwezo wao ni lile sharti la nne. Jirani anaweza kuleta kiti chake, kuni za moto na hata maneno magumu aliyoyanyamazia kwa miaka. Uhakika wa kurudi nyumbani salama baada ya kuyasema hutolewa na dola.